Karani wa Chembe za Mbinguni

Kiogoro, Kisii
Jumatatu, 3 Machi 2025

Mjomba Manasseh,

Juzi tumeongea kwa simu na leo nakuandikia barua kwa kalamu, na najua unajiuliza mtoto wa dada yako amepatwa na nini. Nieleze kabla hujamwambia Anti Jacinta kwamba masomo yamenilemea.

Eric wa boda boda atakuletea boksi la bati pamoja na betri yake. Mwambie asilibebe begani, alipakate. Nimelitengeneza mwenyewe kwa miezi saba, na ndilo lenye shahada yangu ya uzamili, mimi nalifuata nyuma tu. Liweke stoo, juu ya ile meza ya mahindi. Sharti lake ni moja: simu isilikaribie, kwa sababu simu ikiita karibu nalo, linahesabu simu. Zima yako ukiingia stoo, na kila wiki uniandikie namba kwenye karatasi. Eric ataziacha dukani kwa Subhash mjini, nami nitazichukua hapo.

Sasa nyoosha mkono wako wa kulia, kiganja kikitazama juu. Hesabu polepole, moja, mbili, tatu. Kila unapotaja namba, chembe moja imepita katikati ya kiganja chako, imeingia juu ikatokea chini, ikaenda zake ardhini. Imezaliwa kilomita kumi na tano juu ya Manga, mahali ambapo hewa ni nyembamba mno. Huko juu kuna vitu vinavyokuja kutoka mbali kuliko jua, mbali kuliko nyota unazoziona, vikagonga hewa yetu, na katika kugonga huko zinazaliwa chembe hizi. Zinaitwa muoni. Bati haliwezi kuzizuia, wala ukuta, wala mfupa. Zimepita ndani ya babu zetu wote na hakuna aliyehisi hata moja. Siku niliyosikia jambo hili darasani kwa mara ya kwanza nilishindwa kuandika. Wenzangu walikuwa wanafungua ukurasa mwingine, mimi bado natazama mkono wangu.

Kazi yako: saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa moja jioni, bonyeza kitufe chekundu. Boksi litahesabu kwa saa nzima kisha litasimama na namba kwenye kioo. Iandike. Pembeni andika neno moja la hali ya hewa: jua, mawingu au mvua. Ukibonyeza tena, namba ya kwanza inapotea kabisa, kwa maana boksi halina kumbukumbu. Kumbukumbu yake ni wewe.

Sitakuambia natafuta nini, na usiniulize. Si kiburi. Mtu akijua kinachotafutwa, macho yake huanza kukiona hata mahali kisipokuwapo. Ndivyo tunavyofundishwa, nami nataka macho yako yabaki huru.

Mpwa wako,
Tryphosa


Manga, Nyamira
Jumapili, 9 Machi 2025

Mpwa wangu Tryphosa,

Bwakire buya. Sisi hapa ni mbuya mono, wazima kabisa, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo halijawahi kuwa zima tangu ulipozaliwa, kwa hiyo tusilihesabu.

Boksi limefika. Eric amelipakata kutoka Kisii hadi hapa kama mama aliyetoka kujifungua, na majirani walisimama njiani wakimuuliza amebeba nini. Aliwajibu kwamba ni mambo ya chuo kikuu, wakanyamaza. Chuo kikuu kinanyamazisha watu vizuri sana.

Nilinyoosha mkono kama ulivyoniagiza. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Nilipofika kumi nikaketi kwenye gunia. Tryphosa, mimi nina miaka sitini na nane. Nimepalilia, nimezika wazazi, nimelea watoto, na wakati wote huo vitu vinapita ndani yangu kutoka mbinguni, hodi havipigi? Nikamwita Jacinta, naye akanyoosha mkono. Akaniuliza kama vinapita hata ndani ya mtu akiwa anaomba. Nikamwambia naona vinapita. Akasema basi hajawahi kuwa peke yake. Nimekuandikia maneno hayo kama alivyoyasema.

Kuna jambo la Sabato. Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi jua lizame, mimi siandiki, na wewe unajua nyumba hii. Lakini kutazama si kazi, wala kubonyeza kitufe sijaona mahali kumekatazwa. Kwa hiyo namba ya Ijumaa jioni, ya Jumamosi asubuhi na ya mchana nazibeba kichwani, na jua likishazama naziandika zote tatu. Jana kanisani Jacinta aliona midomo yangu inacheza wakati wa mahubiri, akafurahi kwamba mume wake ameanza kuomba kwa bidii. Nilikuwa nasema elfu tatu na tisini na sita.

Swali moja, nalo si la unachotafuta. Namba hazifanani. Siku moja 3,081, mara 3,127, mara 3,096. Boksi ni zima kweli? Mizani yangu ingecheza hivyo, ningeirudisha kiwandani.

Usiwe na wasiwasi juu ya hesabu. Miaka thelathini na moja nilikuwa karani wa kupima majani chai upande wa Nyacheki, na hakuna siku niliyopeleka karatasi chafu. Utapata hesabu safi.

Mjomba wako,
Manasseh Ogeto


Kiogoro
Jumapili, 6 Aprili 2025

Mjomba,

Boksi ni zima. Fikiria soko la Jumatatu. Hakuna anayewapigia watu kengele waje. Mmoja ameishiwa chumvi, mwingine anauza kuku, mwingine anatoroka kelele za nyumbani. Kila mtu na sababu yake, na bado kila Jumatatu soko linajaa kiasi kile kile, wazidi ishirini, wapungue thelathini. Ndivyo chembe zinavyokuja. Hakuna anayeweza kukuambia ijayo itapita lini, na wote tunajua kwa saa zitakuwa kama elfu tatu na mia. Nimelisoma jambo hili miaka sita na bado linanishtua: kitu kisichotabirika hata kidogo kikikusanywa kinakuwa imara hivyo.

Kuhusu Sabato, nilimwambia msimamizi wangu, Dk. Damaris Onchiri. Nilidhani atakataa zile namba za kichwani. Alicheka, kisha akasema mtu anayebeba tarakimu kumi na mbili katikati ya mahubiri aachwe aendelee.

Mjomba, nina furaha ambayo sitakueleza. Nimechora vipimo vyako vya Machi kwenye karatasi, na kuna kitu. Kipo pale, wazi, kama njia ya miguu iliyokatwa kwenye nyasi. Nimempelekea Dk. Onchiri. Alikuwa ameshika kikombe cha chai, akakiweka chini, na tulipomaliza kuongea ile chai ilikuwa imepoa na utando juu.

Endelea hivyo hivyo, usibadilishe chochote. Na lile neno la pembeni usilisahau hata siku moja.

Tryphosa


Manga
Jumapili, 11 Mei 2025

Mpwa wangu,

Karatasi za wiki hii zimelowa kidogo pembeni, utazikausha. Mvua mwaka huu imeamua kutumaliza. Alhamisi radi ilipiga mti wa mgravilea wa Mogire, jirani yetu, ukapasuka kutoka juu hadi chini, na ng'ombe wake amekataa kutoa maziwa tangu siku hiyo. Ilikuwa saa saba na nusu mchana na boksi lilikuwa linahesabu. Sikulizima. Jacinta alinivuta shati nitoke stoo, nikamwambia karani haachi mizani mzigo ukiwa juu.

Nimezoea. Nikiingia stoo asubuhi, kabla ya kubonyeza, nasimama kidogo nikiwa nimevua kofia. Sijui kwa nini naivua. Pale kuna meza, gunia la mahindi na kijibati chako kilichonyamaza, na bado naona aibu kuingia na kofia.

Hukuniambia unatafuta nini, nami siulizi. Lakini ukikipata, uniambie mapema. Goti limezeeka.

Manasseh


Idara ya Fizikia, Kisii
Alhamisi, 5 Juni 2025

Mpendwa Mzee Manasseh Ogeto,

Hatujaonana, lakini mwandiko wako naufahamu kuliko wa wanafunzi wangu wengi. Nakuandikia kukushukuru. Msimu wa vipimo ulifungwa tarehe 31 Mei, kwa hiyo sasa hakuna ubaya ukijua ulichokuwa unafanya. Tryphosa anataka akueleze mwenyewe, ila yuko mbioni na tasnifu, nami nimeona haya kukuacha gizani.

Kwa siku themanini na tisa umetuletea vipimo mia mbili sitini na saba, bila kukosa hata kimoja. Sitini na viwili kati ya hivyo ulivichukua mvua ikinyesha. Katika vyote hivyo sitini na viwili hesabu imeshuka, karibu tatu kwa kila mia. Tunafikiri wingu la radi, kwa umeme mkubwa uliomo tumboni mwake, linazipunguza kasi chembe zinazopita na baadhi hazifiki chini. Kama ni kweli, boksi la bati lililo stoo kwako limepima umeme wa wingu zima bila kuligusa. Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa na sijawahi kushika karatasi kama hizo.

Tarehe 6 Agosti Tryphosa atayasoma matokeo haya Nairobi mbele ya wataalamu. Kuna chuo ambacho tayari kimeahidi kumpokea kwa shahada ya uzamivu kwa sababu yake. Nimeona ni haki ujue kwamba mkono wako umo.

Wako kwa heshima,
Dk. Damaris Onchiri


Manga
Jumapili, 29 Juni 2025

Mpwa wangu Tryphosa,

Barua ya Dk. Onchiri ilinifikia tarehe saba. Leo ni ishirini na tisa. Siku ishirini na mbili nimeibeba kwenye mfuko wa koti, na Jacinta anadhani naumwa. Mficha uchi hazai, kwa hiyo naanza.

Ile tatu kwa mia si wingu. Ni mimi.

Uliniambia boksi linahesabu vinavyoshuka kutoka juu. Mvua nayo inashuka kutoka juu. Siku ya kwanza ya mvua, tarehe kumi na moja Machi, matone yalikuwa yanapiga bati hata sisikii redio ya jirani, na kioo kikaonyesha 3,118. Nikajiambia hizi zote haziwezi kuwa chembe za mtoto, humu kuna maji. Kule kituoni nilikopima chai, majani yakiletwa yamelowa, karani hutoa kilo tatu kwa kila mia kwa ajili ya maji. Asipotoa, ameandika mvua akiiita chai. Nilifanya hivyo miaka thelathini na moja, mpaka mkono ulikuwa unatoa kabla kichwa hakijaamka. Basi nikatoa tatu kwa mia, nikaandika 3,024. Na kila kipimo cha mvua baada ya hapo nilifanya hivyo hivyo.

Niliona nakusaidia. Nilitaka uone karatasi safi useme mjomba wangu alikuwa karani kweli. Ningekuuliza, lakini uliniambia nisiulize, na kusema kweli niliona haya, mzee mzima kuuliza habari ya maji.

Namba za jua na za mawingu sikuzigusa. Hizo za mvua ni uongo wangu, zote sitini na mbili, na namba za kweli zilipotea nilipobonyeza kitufe.

Nimekosa.

Mjomba wako,
Manasseh Ogeto


Kiogoro
Jumanne, 8 Julai 2025

Mjomba,

Nilisoma barua yako nimesimama dukani kwa Subhash, katikati ya mabomba na makopo ya rangi. Shobha, mkewe, aliniletea kiti. Sikukikalia.

Nimehesabu. Ukirudisha ile tatu kwa mia, mstari unanyooka wote, jua na mvua sawasawa. Hakuna wingu, hakuna umeme. Kile nilichompelekea Dk. Onchiri, kile nilichokaa miezi mitatu nikikitazama kila asubuhi kabla sijanawa uso, ni kanuni ya kupima majani chai. Sitakudanganya, nimekuwa na hasira ambayo sikujua ninayo.

Nimeamua hivi. Nitajiondoa Nairobi. Nitamwambia Dk. Onchiri kwamba unyevu uliingia ndani ya boksi wakati wa mvua, likawa linahesabu pungufu, na kwa hiyo vipimo vya mvua havifai. Atasikitika lakini ataamini, kwa sababu jambo hilo hutokea. Wewe sitakutaja.

Elewa kwa nini. Nikisema mtu alibadilisha namba, wataniuliza na zile mia mbili na tano nyingine nani anajua kama hazikubadilishwa. Sitakuwa na jibu. Zitatupwa zote, na tasnifu nayo, na ufadhili wangu unaisha Desemba. Kifaa kikikosea watu husema ni bahati mbaya. Mtu akikosea inakuwa kesi.

Kwa hiyo usimwandikie Dk. Onchiri. Usimwambie mtu yeyote. Uichome ile barua yake.

Tryphosa


Manga
Jumapili, 13 Julai 2025

Mpwa wangu,

Hapana.

Nimesoma barua yako mara nne nikitafuta namna ya kukubali, maana nimekukosea na mtu aliyekosa hana sauti kubwa. Lakini hili siwezi. Boksi halijakosea hata siku moja. Ulilitengeneza kwa mikono yako miezi saba, likakaa stoo kwangu likafanya kazi yake bila kulalamika, na sasa tuliandikie kwamba lilikuwa bovu ili mimi nionekane mzima? Njia ya mwongo ni fupi, Tryphosa. Kuna siku mtu mwingine atatengeneza boksi kama hilo, atasoma ulichoandika, na ataanza kuhangaika kuziba unyevu ambao haukuwepo.

Sasa sikiliza nilichofanya, halafu ukasirike tena ukitaka. Jumatano mvua kubwa ilikuja saa tisa alasiri. Nilizima simu nikaingia stoo nikabonyeza kitufe, nikakaa na boksi saa nzima. Bati lilikuwa linanguruma, maji yanapita mlangoni kama mto, na mimi macho kwenye kioo. Nilitaka nione maji yakiingia katika hesabu, hata kidogo, nipate pa kujificha. Namba zilikwenda mwendo wake. Mvua ikiongezeka hazikwenda mbio, ikipungua hazikulegea. Ilipofika saa kumi kioo kilisema 3,112. Mvua ikakatika, jua likatoka juu ya ukingo wa Manga, nikabonyeza tena. 3,087. Nikabonyeza tena. 3,120.

Niliogopa. Lakini si woga wa kukimbia, ni ule wa kutaka kubaki. Wingu lote lile, radi zote zile, na kilichokuwa kinashuka kutoka juu hakikujua kama chini yake kunanyesha. Ulitaka kuona wingu likikizuia. Mimi nimeona halikukizuia, na kama kuna jambo kubwa kuliko hilo, mimi sijaoneshwa.

Hapa chini naandika maneno ya kumpa Dk. Onchiri na mtu mwingine yeyote atakayeuliza. Usiyapunguze.

Mimi Manasseh Ogeto, karani mstaafu, wa Manga, ndiye niliyesoma boksi la Tryphosa kuanzia tarehe 4 Machi hadi 31 Mei 2025. Vipimo sitini na viwili vya mvua nilivipunguza tatu kwa mia kwa mkono wangu, nikidhani natoa maji. Hakuna aliyeniagiza. Tryphosa hakujua. Namba zilizokuwa kwenye kioo sizikumbuki na sitazitunga. Visirekebishwe, vifutwe. Vipimo mia mbili na tano vingine niliviandika kama nilivyoviona. Siwezi kuthibitisha hilo kwa chochote isipokuwa kwamba nimewaambia haya bila kuulizwa.

Manasseh Ogeto


Kiogoro
Ijumaa, 25 Julai 2025

Mjomba,

Nimempa. Nilimpa ule ukurasa nikakaa. Dk. Onchiri aliusoma, akainuka akasimama dirishani akinipa mgongo, nami nikaanza kupanga kichwani nitafundisha shule gani. Aliporudi aliniuliza jambo moja tu, kama nilikuwa nimeshaandika ile habari ya unyevu mahali popote. Nikamwambia nilikuwa nimeiandika kwako. Akasema basi hiyo nikuombe radhi wewe mwenyewe.

Naomba radhi. Nilikufundisha kutokuuliza, kisha nikakulaumu kwa kutokuuliza.

Nairobi nimejiondoa. Kile chuo kimejibu kwa upole, mistari miwili, kwamba nafasi wamempa mwingine. Nililia kidogo, nikanunua viazi, nikarudi nyumbani.

Tunaanza upya tarehe 1 Agosti hadi mwisho wa Oktoba. Dk. Onchiri alisema anaweza kumtuma mtu wa maabara akae Manga. Nikamwambia msomaji ninaye. Akasema sawa, lakini mtahini wa nje ataniuliza kwa nini tumemwamini mtu yule yule, na yeye hatanisaidia kujibu.

Safari hii nakuambia tunachotafuta: kama mvua inabadilisha chochote. Wewe unajua tayari. Andika unachokiona, hata kama ni kinyume.

Mpwa wako,
Tryphosa


Kiogoro
Jumapili, 15 Machi 2026

Mjomba,

Usiniulize kwa nini sijapiga simu tangu Ijumaa. Nilitaka uyapate kwa barua, kwa sababu kazi yetu yote imepita kwenye barua, na nilitaka uyasome ukiwa umeketi.

Utetezi wa tasnifu ulianza Ijumaa saa nne asubuhi. Nilikuwa mbele ya watu watano, na yule mtahini wa nje, Profesa Edinah Bosire, alikuwa na tasnifu yangu imejaa vikaratasi vya rangi pembeni. Nilionyesha michoro. Nilisema tumepima msimu wa kwanza tukafuta vipimo sitini na viwili, tukapima msimu wa pili siku tisini na mbili, na kwamba mvua, radi na ukungu havibadilishi hesabu kwa kiasi ambacho boksi hili linaweza kuona. Nikasema matokeo yangu ni kwamba hakuna kilichobadilika. Mtu mmoja akakohoa. Si rahisi kusema maneno hayo, Mjomba.

Profesa Bosire akauliza vile vipimo vya msimu wa pili vilisomwa na nani. Nikasema Manasseh Ogeto. Akauliza ndiye yule yule aliyebadilisha vya kwanza? Nikasema ndiye. Akavua miwani. Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililonitisha. Akaniambia, "Kwa hiyo unaniomba niamini kazi yote hii kwa neno la mtu ambaye unakiri mwenyewe alikuandikia namba za uongo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo miezi minane. Nilikuwa na hesabu za kitakwimu, kurasa tatu, zinazoonyesha kwamba namba zako za jua zinatawanyika kama maumbile yanavyotawanyika na si kama mtu anavyotunga. Ni hesabu nzuri, na baadaye nilizisema. Lakini pale pale zilinitoka kichwani zote. Nikafungua kiambatisho cha mwisho, ambapo niliuweka ule ukurasa wako kwa mwandiko wako, nikausoma kwa sauti kuanzia mimi Manasseh Ogeto hadi mwisho.

Nilipofika pale uliposema sitazitunga, nilisoma polepole zaidi. Nikamaliza. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu wenye shahada nyingi kuliko vidole vyangu, na wote wanautazama mwandiko wa karani. Nilipata hisia ile ile ya siku ya kwanza darasani, kwamba kuna kitu kinapita humu ndani na hakuna ukuta unaoweza kukizuia. Sikuwa nafikiria chembe.

Profesa Bosire aliomba kuuona kwa karibu. Akausoma mwenyewe, midomo ikicheza. Akasema amekuwa mtahini miaka ishirini na mbili, amesoma habari za mashine zilizoharibika, umeme uliokatika na unyevu ulioingia, na hajawahi kukutana na ukurasa ambapo mtu ameandika jina lake akasema ni mimi. Kisha akafunga kitabu na wakaniambia nitoke nje wajadiliane.

Nilikaa kwenye ngazi kama nusu saa. Dk. Onchiri alikuja kuniita.

Nimefaulu, Mjomba. Wameniambia pia nianze kuomba nafasi za uzamivu, na Profesa Bosire ataniandikia barua yeye mwenyewe.

Ila wameniagiza marekebisho, na ni jambo moja tu. Jina lako nilikuwa nimeliweka kwenye ukurasa wa shukrani, baada ya Subhash na Shobha waliotutunzia barua na kabla ya kina mama waliotupikia chai idarani. Walisema hapo si mahali pake. Nilitoe huko, niliandike kwa ukamilifu katika sura ya tatu, inayoeleza vipimo vilichukuliwa kwa kitu gani na kwa nini viaminiwe. Nimeliandika leo asubuhi, kabla ya barua hii.

Mpwa wako,
Tryphosa